Usiitie rangi kwanza

Mdogo wangu, salaam.

Mama kaniambia umeirudisha michoro yako kabatini, kisa kuna mchapishaji kakwambia imefifia, eti watoto wanataka rangi za kuwaka. Sibishani naye, soko analijua yeye. Ila kabla hujanunua rangi, ngoja nikusimulie habari za mchoraji Tom Feelings.

Huyu bwana alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1933. Alianza na katuni za gazetini kuhusu historia ya watu weusi. Mwaka 1964 akahamia Ghana ya Nkrumah, akawa anachorea machapisho ya serikali, mpaka mapinduzi ya 1966 yalipomrudisha Marekani.

Hapa sasa ndipo utakapocheka. Mwaka 1971 yeye na mkewe Muriel, aliyewahi kufundisha Uganda, walitoa "Moja Means One", kitabu cha kuwahesabisha watoto wa Marekani kwa Kiswahili chetu, moja hadi kumi. Moja ni Mlima Kilimanjaro. Ukikifungua unaona kijivu tupu, kama moshi wa jikoni asubuhi, na kijivu hichohicho ndicho kilichopata heshima ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya michoro ya vitabu vya watoto, ya kwanza kwa mchoraji Mmarekani mweusi. Mwaka 1974 wakaleta "Jambo Means Hello", herufi 24, maana Q na X sisi hatuna. Nacho kikaheshimiwa vilevile. (Jina hilo bibi angelisahihisha palepale. "Jambo" kavu tunawaachia watalii, mtu na adabu zake husema hujambo.)

Lakini kazi inayonikosesha usingizi ni nyingine. Alipokuwa Ghana, rafiki yake mmoja alimuuliza: ninyi mliochukuliwa hapa, yaliwapata yapi huko? Jibu lilimchukua karibu miaka ishirini. "The Middle Passage" ilitoka 1995, safari ya watumwa kuvuka Atlantiki, picha mfululizo bila maneno ya kuzieleza. Weusi, weupe na kijivu, basi. Mabaharia kawachora weupe kama mizuka. Waliofungwa minyororo ndio wenye miili, mishipa na macho. Mwaka 1996 ikapewa tuzo ya Coretta Scott King, ambayo ni ya vitabu vya watoto na vijana. Mimi binafsi nisingemwonyesha mtoto wa miaka sita. Wa kumi na mbili ningekaa naye, tukafunua pamoja taratibu.

Alifariki 2003. Huku kwetu, ambako alichota hesabu na herufi, nimeuliza walimu watatu na hakuna aliyewahi kumsikia.

Kile cha kuhesabu nimempa shangazi akuletee Jumapili. Kwenye ukurasa wa Kilimanjaro kuna doa la chai, ni langu, usimsingizie mtu. Na ile picha yako ya bibi akichambua mchele gizani, usiiguse hadi nije.

Kaka yako