Barua ya Wazi kwa Inspekta Jenerali: Polisi Akipotea Ng'ambo, Familia Ibishe Mlango Upi?

Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi,
Jogoo House, Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: HAKI ZA FAMILIA ZA MAAFISA WANAOTUMWA NJE YA NCHI

Nakuandikia nikiwa mkazi wa Embakasi, ambako nina majirani wengi wenye waume na watoto katika polisi. Sina nia ya kufufua kesi ya kupinga polisi wetu kupelekwa Haiti. Jaji Chacha Mwita aliamua Januari 26, 2024 kwamba polisi wetu hawawezi kupelekwa nchi isiyo na makubaliano ya kupelekeana polisi na Kenya, makubaliano yakatiwa saini hapa Nairobi Machi 1, na kufikia Juni 25 maafisa wa kwanza walikuwa wametua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti.

Ujumbe huo wa kuwasaidia polisi wa Haiti kupambana na magenge uliidhinishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupitia azimio nambari 2699 la Oktoba 2023, lakini haukuwa ujumbe wa Umoja wa Mataifa wenyewe, kwani sehemu kubwa ya gharama zake ilitegemea michango ya hiari ya mataifa. Bungeni jambo hili lilionekana dogo. Kwa mjane anayetaka kujua ni nani atakayemlipa fidia, ni kubwa mno.

Machi 25, 2025, afisa mmoja wa Kenya alitoweka Artibonite, eneo la Haiti, baada ya wenzake kushambuliwa walipokwenda kukwamua gari la polisi wa Haiti lililonasa mtaroni. Miezi ilipita akihesabiwa kuwa hajulikani aliko, hadi Septemba, Laurent Saint-Cyr, kiongozi wa Baraza la Mpito la Haiti, alipomtaja miongoni mwa marehemu mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, New York. Taarifa ya namna hiyo, Mheshimiwa, huletwa nyumbani na mkubwa wa kazi aliyevua kofia, wala haisikilizwi kwenye hotuba ya mgeni. Isitoshe, Sheria yetu ya Ushahidi humchukulia mtu kuwa amefariki asiposikika kwa miaka saba, na bila cheti cha kifo mke hawezi kufuatilia pensheni wala mirathi, ilhali karo haingoji.

Kwa hivyo naomba kwamba, kabla ya kikosi kingine chochote kupanda ndege kwenda popote, kila afisa na jamaa wake wa karibu wapewe hati inayotaja marupurupu, bima, atakayelipa fidia, na afisa wa cheo gani atakayefika nyumbani mambo yakiharibika. Nakala yake iwasilishwe pia katika Bunge la Taifa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Embakasi