Risala ya Klabu ya Afya ya Wasichana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Ndugu mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya; mkuu wa shule; wajumbe wa bodi; walimu wetu; wazazi na walezi: shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Barabara ya kuja huku tunaijua, kwa hiyo shukrani hii si ya mdomo tu.

Ndugu mgeni rasmi, mwezi uliopita wanaklabu tulipeana kazi: kila mmoja aandike kwenye daftari muda anaokaa kitako kutwa nzima. Mwenzetu wa kidato cha pili aliijaza Jumamosi yake hivi: asubuhi, tamthilia, mchana, simu ya dada, jioni, simu ya dada, usiku, simu ndani ya chandarua. Kwenye safu ya "kuinuka" aliandika neno moja: chaji. Tulimcheka, kisha kila mtu akafungua daftari lake, kimya.

Mjini Bristol, Uingereza, watafiti wamewafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1991 na 1992 hadi ukubwani. Baadhi yao walivalishwa vifaa vya kupima mwendo. Wakiwa na miaka 11 walikaa takriban saa 6 kwa siku; walipofika 24, karibu saa 9. Waliokaa zaidi, msuli wa chumba cha kushoto cha moyo, kile kinachosukuma damu mwilini, ulionekana kuwa mzito zaidi, na hata uzito wa mwili ulipozingatiwa jambo hilo halikubadilika. Msuli huo ukizidi huishia wapi, daktari, wewe unajua kuliko sisi.

Shirika la Afya Duniani linataka wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wauchangamshe mwili wastani wa dakika 60 kila siku. Kwa makadirio yake ya mwaka 2016, wasichana 85 katika kila 100 wenye miaka 11 hadi 17 hawakufikisha. Wavulana walikuwa 78.

Hata hivyo, tusiisingizie simu kila kitu. Tulicheza rede na kuruka kamba mpaka darasa la saba. Tulipovunja ungo tukaambiwa, "Wewe sasa ni mwari, utarukaruka mpaka lini?" Simu ilitukuta tumeshakaa.

Na hapa shuleni? Nguzo moja ya netiboli ilianguka masika, nyingine haina ringi, na katikati ya uwanja yamepangwa matofali ya darasa jipya. Wavulana wana uwanja wenye nyavu. Siku ya michezo sisi huketi pembeni kushangilia. Yaani tunakaa tena.

Tunaomba nguzo mbili na mipira miwili. Tunaomba muuguzi aje kila muhula kutupima shinikizo la damu, maana wengi wetu hatujawahi kufungwa kile kitambaa mkononi. Matofali mkuu wa shule anaweza kuyahamisha hata kesho, samahani mwalimu. Wazazi wetu, turuhusuni kubaki shuleni hadi saa 11 jioni kila Jumatano, na simu zilale sebuleni.

Mpira mmoja tunao, umeshonwa mara tatu. Baada ya chai tutacheza rede pale chini ya mwembe, na wewe mgeni rasmi tumekuwekea nafasi ya katikati.

Ahsante.

Katibu, kwa niaba ya wanaklabu