Barua kwa Mwanangu: Jino la Ng'ombe wa Singida

Mpwapwa

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa, mama. Huku nyumbani hatujambo. Mama yako amemaliza kupura mtama juzi na mgongo unamsumbua kidogo, ingawa amenikataza nisikuandikie hilo.

Jumapili ulipopiga simu ulikuwa na furaha, nami nikafurahi nawe. Ulinieleza habari za maabara ya kiwanda chenu cha vioo, koti jeupe lenye jina lako, na vioo vya ukungu mnavyopeleka kwenye majengo mapya ya Mtumba, hapo Dodoma. Katikati ya hayo ukataja jambo moja na ukalipita upesi. Ulisema asubuhi ile alikuja mzee mmoja getini kulalamika kwamba ng'ombe wake, wanaokunywa maji kando ya bwawa lenu la majitaka, wanachechemea. Mlinzi akamrudisha, na mkubwa wako akasema wafugaji wa siku hizi wanatafuta fidia tu. Kisha ukaniuliza bei ya kuku wa kienyeji huku.

Sikulala vizuri. Ningekupigia, lakini kwenye simu maneno hunikimbia, na haya ninataka yakae mahali utakapoweza kuyasoma tena.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia, kwa sababu ni aibu yangu. Mwaka wangu wa tatu kazini, kabla hujazaliwa, nilipangiwa kata moja mkoani Singida. Nilikuwa kijana, nina baiskeli ya serikali na sanduku la dawa, na kila mtu ananiita bwana mifugo. Mzee mmoja akanifuata hadi ofisini, akanipeleka kwenye zizi lake. Ng'ombe walikuwa wamekonda wakati majani bado yapo. Walitembea kama wanaokanyaga makaa. Kwenye birika la maji hawakunywa kwa kuvuta kama ng'ombe wanavyokunywa, walilamba kwa ulimi kama mbwa, kidogo kidogo, kwa sababu maji ya baridi yaliwauma meno. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu. Nikaandika kwenye daftari: lishe duni, minyoo. Nikawapa dawa ya minyoo, nikamwambia mzee apunguze mifugo na anunue chumvi ya mifugo.

Akaniambia, "Bwana mifugo, mimi nimechunga tangu sijatahiriwa. Hii si njaa. Wamekuwa hivi tangu tuchimbiwe kile kisima kirefu." Nikamjibu kwamba maji ya kisima kirefu ndiyo safi kuliko ya lambo. Nikapanda baiskeli yangu.

Niliporudi baada ya mwaka, zizini walikuwa wamebaki wanne. Mzee hakunigombeza. Aliingia ndani, akatoka na jino la ng'ombe aliyemchinja kabla hajafa mwenyewe, akaniwekea mkononi. Lilikuwa na rangi ya kahawa, upande mmoja limelika hadi karibu na fizi na upande mwingine bado refu, na lilipakaza unga kama chaki. Watoto waliosimama kututazama, nilipowaangalia vizuri, walikuwa na meno ya rangi hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipokwenda kufungua madaftari yangu ya chuo, nikakuta ukurasa mmoja, mwandiko wangu mwenyewe, kichwa chake: sumu ya floraidi.

Maji yalipopimwa yalikuwa na floraidi mara kadhaa ya kiasi kinachofaa. Wakati ule kiwango kilichoruhusiwa kwa maji ya vijijini kilifika miligramu 8 kwa lita. Leo nchi yetu inafuata 1.5, sawa na Shirika la Afya Duniani. Singida ile floraidi hutoka kwenye mawe ya chini, na hakuna wa kumshitaki. Yenu inakuja kwenye mapipa ya plastiki, ndani ya asidi mnayotilia kioo ukungu, ina mwenyewe, na ina risiti.

Wewe ndiye msomi wa kemia, mimi nilisoma mifugo tu, kwa hiyo nivumilie nikikueleza unachokijua. Asidi yenu ya haidrofloriki hula kioo, ndiyo sababu haihifadhiwi kwenye chupa ya kioo. Ikishakula kioo, mnasuuza, na maji ya kusuuza yanakwenda bwawani na floraidi yake. Floraidi huishika kalsiamu popote inapoikuta, na mwilini ghala la kalsiamu ni mifupa na meno. Mtu mzima, karibu nusu ya floraidi inayoingia mwilini hubaki mifupani, iliyobaki hutoka kwa mkojo. Anayekua hubakiza zaidi. Hailipuki, hainuki majini, na maji yake ni meupe kabisa. Sasa fikiria kiangazi cha Dodoma: maji yanapaa, floraidi haipai. Bwawa la mwezi wa kumi si bwawa la mwezi wa tatu, hata kama hakuna aliyeongeza kitu.

Ukienda kwa yule mzee, na nakuomba uende, usianze kwa kuangalia wanaochechemea. Kuchechemea kuna sababu nyingi huku kwetu: homa ya miguu na midomo, kwato zilizochomwa na mawe, malisho yasiyo na fosforasi ya kutosha. Ukisema ni kiwanda kwa sababu ya mguu tu, watakushinda kwa sentensi moja. Angalia meno ya mbele. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana manane chini. Ya utoto hung'oka, na ya ukubwani huota jozi kwa jozi: ya kwanza akiwa na miaka kama miwili, ya mwisho akikaribia minne. Gamba gumu la jino hutengenezwa likiwa bado ndani ya taya, kabla hujaliona. Kwa hiyo jino linaandika yale aliyokunywa ndama wakati huo, na likishaota halifutiki.

Ulisema kiwanda kina miaka mitano. Basi ng'ombe jike mzee mwenye meno yaliyojaa kabla ya kiwanda hatakuonyesha kitu mdomoni, hata kama mifupa yake imeanza kuota vinundu. Mwombe mzee akushikie mitamba na madume wa miaka mitatu na minne, waliozaliwa hapo hapo. Tazama kama meno yana mistari ya kahawia au madoa ya chaki, na kama yamelika kwa kupishana. Kisha, na hili usiliache, nenda kwenye boma linalonyweshea mahali pengine, ukatazame wa umri huo huo. Chukua maji ya bwawa, maji ya kisima chao, majani ya pembeni. Akichinjwa ng'ombe, omba kipande cha mfupa. Makao makuu ya Mkemia Mkuu wa Serikali yako hapo hapo Dodoma, huna haja ya kusafiri.

Mwaka juzi jirani yetu mwalimu alinionyesha kwenye simu habari ya mfugaji mmoja wa Marekani, Wilbur Tennant, wa karibu na Parkersburg, West Virginia. Kijito kilichopita kwenye malisho yake kilitoka kwenye jalala la kampuni ya DuPont, iliyokuwa ikitengeneza Teflon, ile ya kwenye vikaangio visivyogandisha. Kemikali iliyokuwamo, PFOA, si floraidi yenu. Ni mnyororo wa kaboni uliovishwa florini, mgumu mno hata ardhi haiwezi kuuozesha. Ng'ombe wake walikonda, wakawa wakali, wakafa kwa makumi. Ikaundwa timu ya madaktari wa mifugo sita, watatu wa serikali na watatu wa kampuni. Wakaandika kwamba kosa ni la mfugaji: lishe duni, matibabu hafifu, nzi hawakudhibitiwa.

Niliisoma sehemu hiyo mara mbili, mama. Lishe duni. Ni maneno yangu ya Singida, yameandikwa na watu wenye vyeti vikubwa kuliko changu.

Tennant alikuwa amepasua mizoga mwenyewe na kuirekodi kwa video. Mwaka 1998 akampata mwanasheria Rob Bilott, kesi ikafunguliwa 1999, na nyaraka za kampuni zikaanza kutoka. Baadaye damu ya watu wapatao 69,000 wa eneo lile ilipimwa. Kufikia 2012 jopo la wanasayansi lilikuwa limeihusisha kemikali hiyo na magonjwa sita, zikiwamo saratani ya figo, saratani ya korodani, ugonjwa wa tezi ya shingo na shinikizo la damu la wajawazito. Mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani la WHO likaiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ng'ombe walikuwa wameshakufa zaidi ya miaka kumi kabla ya jopo kumaliza kazi.

Kuna wengine waliofanya vizuri kuliko sisi. Kwenye mto St. Lawrence, mpakani mwa Marekani na Kanada, kuna kisiwa cha Cornwall, nchi ya Wamohawk, wenyeji wa asili wa huko. Ng'ambo ya mto kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha alumini mwaka 1959, na moshi wake ulibeba floraidi hasa, ikatua kwenye majani. Ng'ombe wakachechemea, meno yakalika. Madaktari wawili wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Cornell, Lennart Krook na George Maylin, walikwenda kisiwani, wakafungua midomo ya ng'ombe, wakapima mifupa, na mwaka 1979 wakachapisha walichokiona.

Sasa kuhusu mikono yako mwenyewe. Nilipoanza kusoma juu ya asidi hii ndipo nilipoogopa zaidi. Asidi nyingine hukuunguza na unapiga kelele papo hapo. Hii, ikiwa imezimuliwa, inaweza kukugusa saa tano asubuhi ukarudi nyumbani, ukapika, ukalala, na maumivu yakaja usiku, hata kesho yake, wakati imeshapenya ngozi na kufika chini. Inanyang'anya kalsiamu ya damu, na moyo bila kalsiamu hauwezi kupiga. Sehemu ndogo tu ya mwili ikipata asidi kali inatosha kuua. Kwa hiyo usingoje iume. Ikikugusa, vua nguo, maji mengi mara moja, kisha jeli ya kalsiamu glukoneti, kisha hospitali, na uwatajie jina la asidi maana si wote wataijua kwa kuona jeraha. Je, jeli hiyo mnayo? Iko wapi? Vijana wanaomimina mapipa wanaijua? Usinijibu kwamba imeagizwa. Mwaka 2012 mjini Gumi, Korea Kusini, zilivuja tani zipatazo 8 za gesi yake. Wafanyakazi watano walikufa, mazao ya vijiji vya jirani yakanyauka, na mifugo ikaugua.

Ukipata nafasi ya kuzungumza na mkubwa wako, usianze na sheria, ingawa ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, ya usalama kazini ni ya 2003, na wasimamizi wa mazingira na wa usalama kazini wote wana ofisi hapo. Anza na chokaa. Floraidi ile ile inayoshika kalsiamu ya mfupa itaishika kalsiamu ya chokaa kama ikiikuta kwanza, na itazama chini kama tope. Chokaa ni bei nafuu kuliko kesi. Ila usikubali akuambie kwamba baada ya chokaa maji yanafaa kunywewa. Chokaa peke yake haiyafikishi kwenye 1.5, wewe unaweza kumwonyesha kwa hesabu. Bado bwawa linahitaji uzio usiopitisha hata mbuzi, sakafu isiyovujisha, na mahali pa kupeleka hilo tope. Na mzee apewe sehemu nyingine ya kunyweshea leo, si baada ya ripoti.

Najua una miezi minne tu hapo na uko kwenye majaribio. Najua pia mkopo wa chuo unakatwa, na kwamba mdogo wako anasoma kwa mshahara huo. Nimelifikiria hilo siku tatu kabla ya kushika kalamu. Wakikuondoa kwa sababu ulipima maji, rudi nyumbani, tutakula mtama tulionao na mdogo wako nitamtafutia ada. Mimi nilibaki kazini miaka thelathini na moja, sikukaripiwa hata mara moja kwa yale niliyoandika kwenye daftari la Singida.

Ukienda kwa mzee, nenda jioni ng'ombe wakirudi, usiende na gari la kiwanda. Mwamkie kwa Kigogo, na umruhusu amalize maneno yake yote kabla hujatoa chupa zako za kuchukulia maji.

Lile jino bado ninalo. Limekaa kwenye kopo la dawa miaka yote hii, wewe ulilichezea utotoni na mama yako akakufokea. Nimelifunga kwenye kipande cha kaniki na kumpa binamu yako, atakuwa hapo Dodoma Ijumaa. Usilioshe. Mwonyeshe mzee jino hilo kwanza, umwambie lilikotoka na nilichomfanyia mwenye ng'ombe yule, kisha ndipo umwombe akufungulie midomo ya ng'ombe wake.

Baba yako