Tusiwaachie dini watu wa msimamo mkali

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Sisi tunaopenda sala na tafakuri tuna kasoro moja, tukikutana na mtu wa msimamo mkali tunamkimbia au tunamdharau, tunasema huyo bado hajafumbuka macho, kumbe hapo na sisi tushakuwa kama yeye tu, tunajiona ndo wenye ukweli. Mi naona tuanze kwa kumsikiliza, maana wengi hofu ndo inawasukuma, dunia inabadilika haraka wanatafuta pa kushika. Ila kusikiliza sio kunyamaza! Akianza kuchochea chuki lazima aambiwe, tena kwa maandiko yake mwenyewe, huruma imo humo tele. Gandhi, yule Mhindu aliyeongoza India kudai uhuru, kwenye ibada zake za jioni yalikuwa yanasomwa maneno ya Kurani pamoja na ya Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kuna Wahindu wenzake waliompinga waziwazi lakini hakukubali kuiondoa Kurani, mpaka Januari 30, 1948 mmoja wa wenye siasa kali akampiga risasi akielekea kwenye sala. Inauma sana. Kwa hiyo tusidanganyane eti upole ni kazi nyepesi. Na watoto wetu tuwaache waulize maswali ya imani bila kuogopa, hapo ndo tumelala kabisa.