Shukrani kwa mzee wa nyundo, Pangani

Mzee mhunzi aliyenisaidia pale ufukweni Pangani hapendi kutajwa jina, ila wema wake siwezi kuunyamazia.

Rumada, chuma kinachoshikilia usukani, ya mashua ya baba ilikatika. Fundi wa kuchomelea akaiunga, siku ya pili ikakatika palepale. Mzee alikuwa kivulini anasikiliza. Akaomba vipande, akavinusa (sijui kwa nini), akapima tundu kwa ukuti, akaniambia, "Njoo alasiri, mwanangu."

Kibanda chake nakijua. Utotoni tukitoka chuoni, madrasa, tulisimama mlangoni kutazama cheche, mpaka marehemu baba yake atufukuze kwa koleo. Mivukuto ya kupulizia moto sasa ina viraka vya tyubu ya baiskeli, lakini fuawe ya kugongea chuma ni ileile, imebonyea katikati. Alitia chuma kipya motoni mara nne, akagonga, akageuza, akagonga, kisha akakizamisha ndooni, mvuke ukatufunika. Jioni akaingia majini hadi kiunoni, akaifunga rumada mwenyewe.

Pesa alikataa. Samaki wawili, changu, alipokea, tena baada ya kubembelezwa.

Wenye mashua, mpelekeeni kazi. Na mwenye kijana aliyekaa bure ampeleke akavute mivukuto, maana mzee anavuta na kugonga peke yake.