Sauti ya bibi na kinasa sauti changu

Uyole, Mbeya
Jumapili, 20 Julai

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mimi na wa nyumbani hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imetukamata kwelikweli. Nakuandikia nikiwa nimejifunika blanketi mabegani na chai iko pembeni. Natumaini nawe huko Kihesa, Iringa, hujambo, na shemeji na watoto ni wazima.

Bahasha yako niliichukua juzi kwa wakala wa basi pale Nanenane. Nimefurahi mno kusikia kwamba wanafunzi wako wanataka kurekodi wazee wanaosimulia kwa Kihehe, na kwamba unataka mwitengeneze wenyewe hiyo programu ya simu. Umeniuliza nilianzia wapi. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana mambo haya ukielezwa kwa simu hayakai kichwani.

Kazi yangu unaijua: naandika programu za maduka, hesabu za mizigo, madeni na risiti kwa wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Sauti sikuwahi kuigusa. Aliyenisukuma ni bibi mzaa mama, yule wa kule Kiwira, wilayani Rungwe, uliyemkuta akichambua maharage siku tulipopita kumsalimu. Baba yake alikwenda kwa miguu hadi Chunya miaka ya 1930 kutafuta dhahabu ya Lupa. Bibi anazisimulia habari hizo kwa Kinyakyusa cha zamani ambacho hata mama yangu kuna mahali kinamkwamisha. Vinasa sauti vya kupakua nilivijaribu kwanza. Kimoja kilileta tangazo katikati ya maneno ya bibi, kingine hakikutaka kufunguka bila intaneti, na kule mtandao unaupata ukipanda hadi penye mparachichi. Nikaamua kutengeneza changu.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu. Android Studio, programu ya kompyuta ya kutengenezea programu za simu, ilipofunguka, feni ilivuma kama mashine ya kusaga, na ile simu ya kuigiza inayokaa ndani ya kompyuta niliiacha siku hiyohiyo. Nikatoa simu yangu ya zamani, nikaingia kwenye mipangilio, nikaigonga namba ya toleo mara 7 mpaka ikaniambia sasa mimi ni msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, kisha nikaichomeka kwa waya. Nawe fanya hivyo tangu siku ya kwanza. Kitu cha sauti kinapimwa kwenye simu yenye maikrofoni yake, mkononi.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa na kitufe kimoja. Nilikibonyeza, ikafunga papo hapo. Nilikuwa nimeandika kwenye faili la maelezo ya programu kwamba inahitaji maikrofoni, nikadhani imetosha. Kumbe tangu Android 6 ya mwaka 2015 ni lazima mwenye simu aulizwe pale pale anapotumia, naye ana haki ya kukataa. Akikataa mara ya pili, simu za sasa haziulizi tena, kwa hiyo umweleze kwa lugha anayoielewa kabla hujamletea swali. Mimi niliandika: "Naomba nikusikie ili nihifadhi maneno yako."

Baada ya hapo nikajifunza MediaRecorder, chombo cha Android chenyewe cha kurekodi. Hicho ni kama kupika ugali, mpangilio ndio kila kitu: taja chanzo cha sauti, kisha aina ya faili, kisha namna ya kubana sauti, kisha faili litakaa wapi, ndipo uandae, ndipo uanze. Ukitanguliza kimoja mahali pa kingine kinagoma. Hapo hutakaa sana.

Mahali ninapotaka ukae ni kwenye hesabu, na wewe mwalimu wa hisabati utaipenda. Simu inaisikia sauti kwa kupima mtikisiko wa hewa mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kuwa namba. Kipimo cha kawaida ni mara 44,100 kwa sekunde, kwa sababu sikio la kijana mwenye afya huishia kwenye mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde, na ili kuunasa mtikisiko ni lazima uupime zaidi ya mara mbili ya kasi yake. Kila namba inachukua baiti 2. Chukua karatasi: 44,100 mara 2 ni baiti 88,200 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya MB 5 kwa dakika, na MB 317 kwa saa. Simu ya bibi nzima ina GB 16, na picha za wajukuu zimekwisha kuijaza. Ukiibana sauti kwa AAC, mojawapo ya namna za kubana, ya biti 64,000 kwa sekunde (biti 8 ni baiti moja), saa ile ile inashuka chini ya MB 29. Kwa mazungumzo tu hata vipimo 16,000 vingetosha, lakini bibi huimba katikati ya habari, nikabaki na 44,100.

Sasa nikueleze lililonipata. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikaiweka simu mbele yake, akaanza. Alisimulia dakika 43. Alieleza walivyolala njiani, walivyogawana mahindi ya kuchoma, akaimba wimbo ambao baba yake na wenzake waliimba wakirudi na mizigo, beti zote mbili, akipiga goti lake kwa kiganja. Mimi macho yangu yalikuwa kwake, chaji sikuitazama. Simu ikazima.

Nikaichomeka kwenye sola ya jirani. Ilipowaka, faili lilikuwepo, MB 20 na ushee. Nikaligusa, ikaniambia haiwezi kulifungua. Nikaligusa tena. Nikalihamishia kwenye laptopu, jibu likawa lile lile. Rafiki yangu, nilitoka nje nikasimama mgombani muda mrefu.

Sababu yake niliijua baadaye, na ndiyo maana ya barua hii. Nilikuwa nimechagua faili la aina ya MP4. Faili hilo linaandikwa hivi: sauti inamiminwa ndani mfululizo, na orodha ya kuonyesha kila kipande kiko wapi na kina ukubwa gani inaandikwa mwishoni kabisa, pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Simu ikizima kabla, sauti yote imo, orodha haimo, na programu ya kuchezea sauti haijui ianze kusoma wapi. Ni daftari la mkopo lenye tarakimu tupu, bila jina la mdaiwa hata mmoja. Nilihangaika nalo wiki mbili nikijaribu kulifufua kwa kutumia faili lingine zima kama kielelezo. Nilipata vipande vya sekunde chache vyenye mikwaruzo.

Nilirudi Kiwira nikamwomba bibi anisimulie tena. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mjukuu wangu, hayo nilishakwambia." Alisimulia kwa robo saa. Ubeti wa pili wa wimbo hakuukumbuka.

Tangu hapo nikaitupa programu yote niliyokuwa nimeiandika, nikaanza upya na swali moja tu: simu ikifa sasa hivi, nitabaki na nini? Rangi, vitufe, majina ya faili, vyote nikaviweka kando. Nikabadili aina ya faili, nikatumia AAC ya ADTS, yaani sauti ile ile iliyobanwa ila imepangwa vingine ndani ya faili. Humo sauti inakatwa vipande vidogo, kama 43 kwa sekunde, na kila kipande kinabeba kichwani maelezo yake chenyewe. Faili likikatika popote, vya nyuma vyote vinasomeka. Lina upungufu wake: kwa kuwa halina orodha, kurukia dakika ya 30 kunasumbua, na urefu wa rekodi unaonyeshwa kwa kukisia. Kwa hiyo kazi ikiisha salama, programu yangu inalihamishia lile faili ndani ya MP4, inalifungua kuhakikisha linacheza, na hapo tu ndipo inafuta la kwanza.

Kisha nikalipima. Nina simu ya zamani ambayo betri yake inatoka. Niliwasha redio, nikaanza kurekodi, nikaichomoa betri katikati. Nikairudisha, nikawasha, nikasikiliza. Nilifanya hivyo mara 20, usiku mzima, mke wangu akiniuliza kulikoni. Mara zote 20 faili lilifunguka. Kilichopotea ni sekunde chache za mwisho ambazo simu ilikuwa bado haijaziandika kwenye hifadhi. Wanafunzi wako wafanye zoezi hilo kabla hawajaenda kwa mzee yeyote, nakusihi sana.

Kuna maadui wengine wawili wa rekodi, nao ni wa kimya. Wa kwanza ni kioo kujizima. Kuanzia Android 9 ya mwaka 2018, programu iliyokaa nyuma hairuhusiwi kusikiliza maikrofoni, na ni jambo jema, nani anataka kusikilizwa kisirisiri? Lakini maana yake ni kwamba kinasa chako lazima kiendeshwe kama huduma ya mbele, yenye taarifa inayoonekana juu ya kioo muda wote kinaporekodi. Na kwenye Android 14 lazima utamke wazi kwamba huduma hiyo ni ya maikrofoni. Wa pili ni simu inayoingia. Ukiipokea, rekodi yako haikatiki, bali inajaa ukimya, namba sifuri tupu, nawe hujui mpaka urudi nyumbani. Mimi nimeiwekea programu mlinzi: ikipata sifuri kwa sekunde 3 mfululizo, simu inatetemeka mkononi. Hata hivyo nikienda kwa bibi naweka hali ya ndege.

Ule mstari unaopanda na kushuka mtu akiongea ulinitesa pia. Simu inakupa kilele cha sauti kama namba, mwisho wake 32,767. Nilichora mstari kwa kugawanya moja kwa moja, na bibi akiongea kawaida alipata kama 1,600, yaani asilimia 5 tu ya mstari, haujongei. Nikadhani maikrofoni ni mbovu. Kumbe sikio letu husikia kwa logi, zile logarithimu za hisabati! Nilizikumbuka zile jedwali za tarakimu nne za kidato cha pili tulizokuwa tunagombania. Gawanya 1,600 kwa 32,767, chukua logi, zidisha kwa 20: unapata desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, 26 chini ya kilele. Ukiuchora mstari kuanzia 60 chini ya kilele, bibi anafika zaidi ya nusu, na mtu anayetazama anaona kile anachokisikia. Waambie wanafunzi wanaouliza logi zina kazi gani.

La mwisho ni mvua juu ya bati, ambayo ninyi wa Iringa mnaipata kwa msimu, sisi wa upande wa Rungwe tunaishi nayo. Kila bibi aliponyamaza kuvuta pumzi, ngurumo ya mvua ilivimba kama mtu kafungua mlango. Ni simu yenyewe: ikisikia kimya inajiongezea nguvu ya kusikia. Nilibadili chanzo cha sauti kutoka maikrofoni ya kawaida kwenda kile kilichowekwa kwa ajili ya kutambua maneno, maana hapo simu haitakiwi kujipandishia wala kujishushia sauti, na ule uvimbe ukaisha. Mvua ilibaki, ila imetulia mahali pamoja. Kilichosaidia zaidi si programu. Niliikunja kanga ya bibi mara nne, nikaiweka juu ya kigoda kingine, simu juu yake, shubiri moja na nusu kutoka mdomoni pake. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya msemaji inaongezeka maradufu, mvua haiongezeki. Na kanga inameza mitikisiko ya kigoda.

Jambo moja la kibinadamu: mwombe mzee ridhaa kwanza, mweleze nani atasikiliza, na rekodi hiyo hiyo ianze na jibu lake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, maneno ni yake.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea memori kadi. Kuna programu yote kama nilivyoiandika kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu, uifungue na kuichokonoa utakavyo, na kuna rekodi ya bibi ya mwezi uliopita, dakika 52, ambayo amekubali uisikie. Nilipomwekea rekodi hiyo aisikilize alishika simu kwa mikono miwili mpaka mwisho, kisha akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaniomba nimrudishie pale alipocheka. Sikiliza dakika ya 31. Anaanza wimbo, anafika kwenye ubeti wa pili, ananyamaza, halafu anaupata mstari mmoja, mmoja tu. Nimeuandika kwenye karatasi na kuubandika juu ya meza yangu. Nikienda tena mwezi ujao nitamsomea, pengine utavuta wa pili.

Kadi usiifute, nina nakala moja tu zaidi ya hiyo. Mkianza kuandika nitumie maswali kwa basi au kwa simu, lolote litakalokufaa, na shule zikifunga njoo na wanafunzi wawili au watatu twende nao Kiwira.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako,
wa Uyole