Miche tunayogawiwa jirani na Hifadhi ya Amani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie miche ya miti wanayogawiwa wananchi tunaoishi kandokando ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, wilayani Muheza.

Masika yaliyopita nilikwenda kwenye shughuli ya upandaji miti kijijini kwetu, nikakuta viriba vimepangwa vizuri chini ya mwembe, karibu vyote vya misederela, mti wenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini. Nilipouliza kama upo mche wa msambu au mtambaa, miti ya asili ya msitu wetu, kijana aliyekuwa akigawa alinijibu kwa adabu, “Hiyo ya porini, mzee, haigawiwi.”

Sisi wa Amani tulipaswa kuwa wa mwisho kugawa miche bila kuuliza ilikotoka. Bustani ya mimea iliyoanzishwa hapa na Wajerumani mwaka 1902 ilijazwa miti ya kila bara, na baadhi yake haikutulia bustanini. Unaojulikana zaidi ni Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi. Mti huu haukutoka ng’ambo. Kwao ni Uganda na hata Bukoba, na huko ni mwenyeji asiyemsumbua mtu. Huku Usambara hondohondo na kima wanayapenda matunda yake na kuzidondosha mbegu mbali, na wakataji wa magogo walipoufungua msitu katika miongo iliyopita, musizi, unaokua haraka penye mwanga, ndio uliowahi kuziba mapengo. Nenda usimame chini ya mmoja wao uone miche yake ilivyosongamana kama mchicha. Mbegu za msederela nazo zina mabawa, na upepo hausomi vibao vya mpaka wa hifadhi.

Wapo wanaotaka musizi wote ukatwe mara moja. Sikubaliani nao, kwa sababu kila mti mkubwa unapoangushwa mwanga unaingia, na mwanga ndio musizi unaoutaka. Ni afadhali gome libanduliwe kuzunguka shina, mti ufe umesimama na kivuli kipungue polepole, huku miche ya asili ikiwa tayari imepandwa chini yake. Kivuli hicho si jambo dogo: ua la Saintpaulia, ambalo Wazungu hulipanda kwenye vyungu madirishani, asili yake ni miamba yenye unyevu ya misitu kama hii yetu.

Lakini miche hiyo ya asili itoke wapi? Mbegu za msambu zina mafuta na wanakijiji wamekuwa wakiziokota na kuziuza, kwa hiyo mti wenyewe si mgeni wala hauna hasara. Tatizo ni kwamba huchukua miezi mingi kuota, na mwenye kitalu anayelipwa kwa idadi ya viriba hawezi kuusubiri. Naziomba mamlaka zinazosimamia misitu ziweke bei ya juu zaidi kwa mche wa asili, na zikatae kupokea msederela kutoka kwenye vitalu vya vijiji vinavyopakana na hifadhi.

Misederela niliyopewa siku ile sikuipanda. Nyuma ya nyumba nimeatika mbegu arobaini za msambu. Huu ni mwezi wa tano tangu niziatike, haijaota hata moja, na jioni bado nazimwagilia.

Mkulima,
Muheza, Tanga